Jiwe Linalovuta Majivu

Mtu aliyefika kwa mpima mawe wa Kasha, mtaa wetu hapa Bukavu, akiwa na jiwe mfukoni hakuulizwa amelitoa wapi. Aliulizwa kama amekula. Akisema ndiyo, mzee alimtazama midomo kuhakikisha. Akisema hapana, alionyeshwa benchi la barazani, na baada ya muda mke wa mzee alitoka na sahani ya bugali, ndiyo ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, na siku ikiwa njema, samaki wadogo wa ziwani tunaowaita sambaza. Mgeni alikula kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa umebana mfuko. Mpima mawe alikaa kando akijikuna goti, wala hakutamka neno juu ya jiwe hadi sahani iwe tupu.

Nilimuuliza sababu nikiwa bado mgeni katika mtaa.

“Iko juu ya ule mutu wa Shabunda,” akasema. “Alitembea na miguu, Fundi. Alifika hapa asubui, nikamupimia jiwe amesimama vile vile, nikamwambia: papa, haiko emeraude, haiko ile jiwe ya bei. Akaanguka kama mukungu ya ndizi. Kichwa ikagonga pale.” Akanionyesha ukingo wa baraza. “Akaamuka, asante Mungu. Lakini nilisema, kuanzia leo, habari ya jiwe haitaingia tena mu tumbo ya bure.”

Mimi ni fundi wa cherehani. Shule niliiacha mapema, na mengi ninayoyajua niliyapata katika vitabu vinavyouzwa chini, kando ya soko la Kadutu, vingine havina jalada na vingine vimekosa kurasa za mwisho. Nyumba yangu na yake zilitenganishwa na ua wa matete tu, kwa hiyo nilimwona mzee huyo akifanya kazi kwa miaka mingi. Sasa baraza lake lina mpangaji anayeuza kadi za simu. Naandika niliyoyaona. Pale nilipohakikisha jambo kitabuni, nitasema hivyo.

Kazi yake inahitaji maelezo mafupi. Watu wa Mwenga na Shabunda huchimba dhahabu, na wengine hupanda milima ya Kalehe kutafuta mawe mengine. Mara kwa mara jiwe la kijani hutokea, safi, linalopitisha mwanga, na aliyelipata hukumbuka jina moja tu: zumaridi, ambayo sisi Bukavu tunaiita kwa Kifaransa, emeraude. Hulala nalo kifuani. Huanza kujenga nyumba kichwani. Kisha husikia kwamba Kasha kuna mzee ambaye hanunui mawe wala hauzi, ila anajua kuyatambua, kwa sababu ujanani alikuwa msuguaji katika duka la vito mjini. Karibu kila mara jiwe linakuwa turmalini, ambalo ni jiwe zuri pia, lakini siyo lile aliloliota.

Kama jiwe lilikuwa bado na umbo lake la ardhini, mzee hakuhitaji moto. Alilisimamisha na kumwonyesha mwenyewe kichwa chake. Zumaridi ina pande sita zilizonyooka kama nati. Turmalini ina pande tatu zilizovimba, na ubavuni ina mikunjo inayoshuka kama ya bati la nyumba, ila midogo sana. Lakini wachimbaji wengi walileta vipande vilivyovunjwa kwa nyundo, ambavyo havikuwa na kichwa wala ubavu. Hapo ndipo alipoitisha mbabula.

Mbabula ni jiko letu la makaa. Lilikuwa ni lile lile lililopika chakula cha mgeni, na mke wake alilileta likiwa bado na moto wa chini. Mzee aliweka jiwe kwanza katika maji ya uvuguvugu. Kisha alimpa mgeni kibano cha chuma, akamwambia alishike jiwe mwenyewe juu ya makaa, si karibu sana, mpaka lipate joto la mkate uliotoka tanuruni. Karibu na mbabula kulikuwa na bakuli la majivu meupe yaliyochekechwa kwa kitambaa. Mgeni alishusha jiwe taratibu juu ya bakuli. Kama lilikuwa turmalini, majivu yaliruka yenyewe na kulishika, jiwe likavaa ukungu wa kijivu. Kama lilikuwa kitu kingine, majivu yalilala.

“Umeona?” mzee aliuliza.

“Nimeona.”

“Basi tutaongea.”

Hakuwahi kulitaja jina la jiwe kabla ya kauli hizo tatu. Alitaka mwenye jiwe aone kwa macho yake na kwa mkono wake, ili akirudi nyumbani asiseme kwamba mzee wa Kasha alimwonea. “Majivu haina mujomba,” alikuwa akisema, yaani hayapendelei mtu. Na wale wafanyabiashara wanaosugua jiwe kwenye sweta kisha wakanyanyua karatasi nalo aliwadharau. “Hata kichanuo inafanya vile.” Nilihakikisha: kusugua ni jambo moja na joto ni jambo lingine. Turmalini huvuta vumbi kwa kupashwa moto au kwa kupoa, bila kusuguliwa na chochote.

Namna hiyo ya kupima ilizaa kosa ambalo nadhani halikuwezekana popote isipokuwa kwenye baraza lile. Habari ilipoenea kwamba jiwe linalovuta majivu si emeraude, watu waligeuza hoja. Mama mmoja mkulima wa Mudaka alifika na kipande cha kijani alichokipata akilima maharage, laini, kizuri kama peremende iliyonyonywa. Alikula, akashika kibano, akashusha. Majivu yakalala. Mama akaruka.

“Haivute! Papa, haivute! Donc, basi iko emeraude!”

Mzee akangoja amalize kucheza.

“Maman, hata sufuria yangu haivute.”

“Ee?”

“Hata miye mwenyewe, ukinipasha moto, sitavuta. Na siko emeraude.”

Kilikuwa kipande cha chupa ya divai, kilichosuguliwa na mvua na udongo. Mama yule alicheka kuliko sisi wote, akamwomba mzee asitangaze Mudaka. Mzee alitunza ahadi hiyo. Mama mwenyewe ndiye aliyetangaza, na kwa muda mrefu wageni kutoka huko walifika wakisema, “Tumetumwa na maman wa chupa.”

Alikuwa na kasoro zake. Katika mchezo wa dame, drafti yetu tuliyoicheza kwa vifuniko vya chupa, alidanganya bila aibu. Ukigeuka kukohoa, kifuniko chake kilikuwa kimesonga. Ukimshtaki alisema upepo. Mtu ambaye asingemwacha mchimbaji aamini jambo la uongo kwa nusu saa aliweza kunitazama usoni na kusema upepo umesogeza kifuniko kwa mshazari, nyumba mbili, juu ya kifuniko changu. Vile vile, aliyashika mawe maisha yake yote lakini yeye mwenyewe hakuvaa hata saa. Alisema kitu kinachong'aa mwilini kinamfanya mtu ajitazame badala ya kutazama njia, na njia za Kasha, kwa jinsi zilivyochimbika, zinadai kutazamwa.

Na alikosea pia. Zamani, kabla ya desturi ya maji ya uvuguvugu, alimwambia mwanamke mmoja ashushe jiwe lake karibu na makaa mekundu. Lilikuwa la kijani kibichi, na ndani lilikuwa na nyufa ndogo ambazo hakuziona. Likalia tik, likawa mawili. Mwanamke hakulia. Alivifunga vipande katika kitambaa, akaondoka. Jumapili iliyofuata mzee alimngoja mbele ya kanisa, na watu walipotoka misa alimwomba msamaha kwa sauti ya kusikika na kila mtu, kofia mkononi. Jioni hiyo mke wake alimwambia kitu ambacho nilikisikia kupitia matete:

“Glasi ya chai unaitiaka maji ya moto pole pole ili isipasuke. Jiwe nalo, juu ya nini unaikimbiza?”

Tangu hapo bakuli la maji likawa sehemu ya kazi. Sikujiuliza wakati ule mke wake alijuaje jinsi jiwe linavyopokea joto.

Mzee alipenda kueleza jina la turmalini. Mchimbaji akishaona majivu, ndoto yake ikiwa imelala bakulini, mzee alimsimulia jina la jiwe limetoka wapi, nafikiri ili kumpa kitu cha kurudi nacho. Alisimulia hivi. Mbali sana, kwenye kisiwa cha Ceylon katika bahari ya Hindi, wauza vito walikuwa na neno la mawe ya rangi mbalimbali yaliyochanganyika, yasiyo na jina la kwao. Waholanzi walinunua kifurushi, wakauliza hiki nini. Wakajibiwa neno hilo, kama mtu anayesema, “haya mengine mengine.” Waholanzi wakafikiri ni jina. Walipofika kwao, wakayaona mawe yakiwa karibu na moto yanavuta majivu, wakaanza kuyatumia kutoa majivu ndani ya viko vyao vya tumbaku.

“Donc,” alimalizia, “jiwe yako ina jina ya kitu chenye hakina jina. Na jina yake ya pili, ya Baholanzi, iko Mvuta-Majivu. Hiyo ndiyo jina ya kweli, juu iko kazi yake.”

Niliyatafuta hayo kwa bidii. Katika kitabu kimoja nilikuta kwamba neno limetoka kweli katika lugha ya Kisinhala ya Ceylon, na kwamba lilitumiwa kwa mawe yaliyochanganyika. Kingine kilisema lilitajwa kwa jiwe jekundu la aina nyingine kabisa, na kwa makosa likahamia kwa hili. Habari ya Waholanzi na majivu ilikuwa katika vyote viwili. Nilimpelekea matokeo. Akasikiliza mpaka mwisho.

“Basi mabuku yako inakubali ni kosa,” akasema. “Inagombana tu kosa ilianzia wapi.”

Ulikuwa muhtasari sahihi.

Watu wa Kasha waliamini mpima mawe hajawahi kusema uongo juu ya jiwe. Alikuwa amesema mmoja. Uongo huo ulikuwa katika kidole cha mke wake, na mtaa mzima uliuita emeraude ya Maman.

Ilikuwa pete nyembamba ya fedha yenye jiwe la kijani dogo kama punje ya dengu. Wanawake waliochota maji pamoja naye walimtania: “Maman Emeraude, pita mbele, weye tajiri.” Yeye alijibu, “Acheni jiwe yangu,” na kuinua ndoo yake. Hakuivua. Alipika nayo, alifua nayo. Nakumbuka kwamba kila alipomaliza kupika, kabla ya kupakua, alishika ncha ya kitenge na kulipangusa jiwe, mara mbili, tatu. Nilifikiri ni fahari ya mwanamke mwenye kitu kizuri.

Mzee aliniambia siku moja tukicheza dame, bila kuinua macho.

“Fundi, weye unasomaka bitabu. Mutu akisema uongo mara moja, halafu akanyamaza miaka yote, iko uongo moja ao iko mingi?”

“Inategemea uongo gani.”

“Ya ku kidole.”

Nikaacha kifuniko changu. Akaeleza. Bosi wake wa duka la vito alimpa kijiwe hicho kama zawadi ya ndoa, na alijua vizuri sana ni turmalini kwa kuwa alikisugua mwenyewe. Akaenda nacho Nyangezi, kwa wazazi wa msichana. Mashangazi walikuwa wamejaa chumbani. Mmoja akashika pete, akaiinua kwenye dirisha, akauliza: hii jiwe inaitwa nani?

“Nilikuwa nataka kusema tourmaline,” mzee akaniambia. “Neno ilikuwa hapa mu kinywa. Nikaangalia zile sura. Hakuna mutu mu ile nyumba alishaisikia. Nikajua watasema iko jina ya dawa ya minyoo. Ile Jumapili padri alikuwa amesoma mawe ya mji wa mbinguni, na emeraude ndani. Nikasema emeraude. Bakapiga vigelegele. Fundi, vigelegele ikishatoka, utairudisha namna gani?”

“Na yeye alikuwepo?”

“Alikuwa pale, anaangalia chini, vile bibi-arusi anaangaliaka.”

Hakumwambia mwaka ule, na mwaka uliofuata ikawa vigumu zaidi. Kisha alianza kazi ya baraza, na kila mchimbaji aliyemwonyesha ukweli wa majivu aliufanya ule uongo kuwa mzito. Alinieleza kwamba kuna siku mke wake alileta mbabula, mkono wenye pete ukapita juu ya bakuli, naye akajikuta anaondoa bakuli haraka kama mtu anayeondoa kisu mbele ya mtoto.

Mambo yangebaki hivyo kama mjukuu wao asingeposwa. Mchumba alikuwa wa familia ya wafanyabiashara, watu wanaokwenda Goma na kurudi, wanaojua bei ya kila kitu. Mke wa mzee alitangaza mbele ya wote kwamba siku ya sherehe atavua jiwe lake na kumvisha mjukuu. Wanawake walishangilia. Mzee, ambaye miguu yake ilikuwa imeanza kumchoka na hakutoka tena nje ya ua, alituma niitwe.

Nilimkuta barazani na blanketi magotini.

“Uongo yangu ilikuwa inaishi mu nyumba moja,” akasema. “Sasa inataka kuolewa. Bale batu bataipeleka kwa kupima, wiki ya kwanza. Bataambiwa haiko emeraude. Na mutoto ndiye atakuwa mwongo kwao, hata kabla hajapika chungu ya kwanza.”

“Mwambie Maman.”

“Nimwambie nini? Kama miaka yote amebeba jina tu?”

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimesoma juu ya jina la zumaridi, na nilifikiri nimepata mlango wa kumtolea. Nikamweleza kwamba neno hilo ni kongwe sana, Waarabu walilisema kwa namna yao na likafika pwani ya Waswahili, na Wagiriki kabla yao walilisema kwa namna yao. Nikamweleza kwamba Wagiriki wale hawakuwa na njia ya kutenganisha mawe kama sisi. Mawe mengi ya kijani waliyaita kwa jina hilo hilo moja.

“Kwa hiyo,” nikasema, “kwa desturi yao, muzee, haukudanganya.”

Akalifikiria jambo hilo kwa haki. Alitazama ziwa lilivyoonekana kati ya mapaa, akajikuna goti.

“Fundi,” akasema mwishowe, “miye sikuoa Mugiriki. Nilioa Mushi, mwanamuke wa Nyangezi.”

Akaniomba nije kesho yake asubuhi, nikae tu. Alisema mtu anayekiri mbele ya shahidi hawezi kubadili maneno katikati.

Asubuhi ilikuwa na ukungu. Mke wake alikuwa uani, ameinama juu ya mbabula, viazi vitamu vinachemka. Mzee alikuwa amevaa shati la Jumapili. Nilipoona shati hilo nilijua hakulala.

“Maman,” akasema.

“Papa.”

“Niko na neno. Juu ya pete.”

Mke wake hakugeuka. “Umekula?”

“Sina njaa.”

“Sikuuliza njaa. Nimeuliza kama umekula.”

“Maman, acha kwanza niseme...”

“Kaa. Kula.”

Akatoa viazi viwili, akavimenya akipulizia vidole, akaviweka kwenye sahani ya bati pamoja na kikombe cha uji. Mpima mawe alitazama sahani, kisha akanitazama mimi. Sijawahi kumwona mtu aliyeelewa mahali alipo kwa haraka namna ile. Alikaa kwenye benchi la wachimbaji na akala. Alikula vyote, na mkono wake mmoja ulikuwa umekamata mfuko wa shati ingawa haukuwa na kitu.

Mkewe aliingia ndani. Alitoka na kibano, bakuli la maji, na bakuli la majivu. Akainua mkono, na pete ikatoka bila shida, maana kidole kilikuwa kimekonda. Akaitia katika maji ya uvuguvugu. Alingoja. Akaipangusa kwa kitenge, akaishika kwa kibano juu ya makaa, si karibu sana, akiigeuza kidogo kidogo, bila kusita hata mara moja. Kisha akamkabidhi mumewe kibano.

“Shika weye mwenyewe.”

Mzee alishusha jiwe juu ya bakuli kama alivyokuwa akiwafundisha watu wote. Majivu yaliruka. Punje ile ya kijani ikawa ya kijivu.

“Umeona?” mkewe akauliza.

“Nimeona.”

“Basi tutaongea.”

Akaketi karibu naye. Mzee akalipakata bakuli la majivu magotini.

“Tangu lini?”

“Tangu sombe ya kwanza nilikupikia mu hii nyumba. Niliona jiwe imechafuka, nikafikiri iko miye muchafu. Nikapangusa. Nikapika, majivu ikarudi. Kila siku napangusa, kila siku inarudi. Halafu ukaanza hii kazi yako. Siku moja nikakuona na mutu wa Mwenga, anashusha jiwe, majivu inaruka. Nikaingia mu jikoni nikacheka peke yangu mpaka bugali ikaungua. Ukaikula. Ulisema iko tamu.”

“Nilisema vile?”

“Ulisema vile. Nayo ilikuwa uongo.”

Nilitazama chini. Nikatamani kuwa upande wa pili wa matete, lakini nilikuwa nimeitwa kuwa shahidi.

“Juu ya nini haukuniambia?” mzee akauliza.

“Batu bote banafikaka hapa, weye unabapatia ukweli. Wa Shabunda, wa Mwenga, hata ule maman wa chupa. Miye ulinipatia kitu ingine. Nikaiweka.” Akanyoosha kitenge magotini. “Na tena mutu mwenye kuogopa anarudiaka nyumbani mapema. Muliza Fundi kama mabwana ya bajirani balikuwa banarudi saa yako.”

“Na mutoto? Bale batu bataipima.”

“Bapime. Nani alisema nitamwambia emeraude? Miye sijasemaka ile neno hata siku moja. Fundi, ulishanisikia?”

Nilirudi nyuma katika kumbukumbu, mwaka kwa mwaka, kisimani, barazani, kupitia matete. Wengine wote walikuwa wamelisema. Yeye alikuwa anasema: jiwe yangu.

“Hapana, Maman,” nikasema. “Sijasikia.”

“Nitamwambia iko jiwe koko yake, babu yake, alisugua na mikono yake. Mengine atayaona. Atapika, ataona.”

Mzee alikuwa bado ameshika kibano. Bega lake lilikuwa limeshuka kama la mtu aliyetua mzigo na hajui mikono aiweke wapi. Lakini alikuwa mpima mawe, na hoja ilikuwa na pengo, na hakuweza kuliacha.

“Na kama anapika na courant, umeme yenye haina majivu?”

Mkewe akamgeukia polepole.

“Mu Bukavu?” akasema. “Courant gani?”

Mzee alianza kucheka. Kicheko kilianza tumboni, kikapanda, kikawa kikohozi, kikawa tena kicheko, na pumzi yake ikapiga bakuli lililokuwa magotini. Majivu yakatupanda sisi watatu, shati la Jumapili, kitenge, sahani ya bati. Tulipomaliza kupepesa macho, bakuli lilikuwa tupu. Yale yaliyoshika jiwe hayakuwa yamesogea.